Sumaku ya Spika

Mume wangu Hesbon Mukhwana hajawahi kulazwa hospitalini, na kwa miaka sitini na tatu alijisifu kwa hilo mpaka nikachoka kumsikiliza. Mtu akishikwa na malaria kule kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, Hesbon ndiye wa kwanza kumcheka. Yeye ni fundi wa kuchomelea hapa Kitale. Alianza kazi hiyo kabla Ivy wetu hajazaliwa, na Ivy sasa ni mwalimu kule Endebess, ana watoto wake wawili. Mageti, madirisha, milango ya maghala ya mahindi: ukipita barabara yoyote ya mji huu umepita kazi ya mikono yake. Lakini mwaka jana alianza kuamka mara tano kwenda kukojoa, na nikimuuliza ananiambia ni baridi. Mimi nalala kitanda hicho hicho, na baridi hiyo sikuisikia.

Kabla sijafika mbali, kuna jambo la kazi yake lazima nilieleze. Grainda ikikata chuma inarusha cheche, na ndani ya cheche mna chembe. Miwani ya kujikinga ipo, imetundikwa msumarini na imejaa vumbi, kwa sababu fundi akiivaa haoni mstari aliouchora. Kwa hiyo chembe zinaingia machoni, na kule vibandani hakuna anayeita hiyo ajali. Mwenzako anakushika kichwa, anakugeuza uso kwenye mwanga, anakunja kona ya noti mpya na kuichokoa chembe. Ikikataa, wanaleta sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu, ile ya duara nyeusi, wanaipitisha mbele ya jicho. Kisha mtu anarudi kazini.

Hesbon alikuwa na sumaku yake nyumbani, juu ya kabati la vyombo, na daktari wake wa macho nilikuwa mimi. Nimemtoa chembe mara nyingi kuliko nilivyomkata Ivy kucha. Analala kwenye kochi, kichwa nimekipakata, naanza na kona ya leso niliyoilowesha maji, halafu sumaku. Ikitoka unaiona imesimama pale kwenye sumaku kama unywele mfupi. Namwambia, "Imetoka." Anapepesa mara mbili, anasema, "Asante, mama," na habari imeisha.

Basi, hilo la kuamka usiku nililivumilia mpaka Machi. Halafu nikamkokota hospitalini. Sisemi nilimshauri, nilimkokota. Damu ilipimwa, ikasoma juu. Wakamtoa vinyama kwa sindano, mahali ambapo hataki patajwe, na baada ya wiki mbili daktari akatuambia ni saratani ya tezi dume. Hesbon aliuliza swali moja tu.

"Nitaweza kushika grainda tena?"

Daktari akasema kwanza tujue ugonjwa umefika wapi. Kama bado umo ndani ya tezi yenyewe, itakatwa itolewe, na mzee atarudi kazini. Kama umetoka nje, haukatwi tena, unatulizwa tu kwa dawa. Ili kujua ni lipi, alihitaji picha ya MRI, na picha hiyo tungeipata kwenye kituo kimoja cha watu binafsi Bungoma. Lakini kwanza tungoje wiki sita, vidonda vya sindano vipone, maana vinaweza kuidanganya picha. Wiki sita nilizihesabu kwa kuamka kwake. Siku zote hizo nilienda sokoni kuuza maharagwe nikiwa na macho mekundu, wateja wakidhani nimelia, kumbe nimekosa usingizi tu.

Safari ya kwanza iliharibiwa na kuku. Tulipewa karatasi ya maagizo: asile chochote kwa saa sita, asafishwe tumbo kwa nyuma asubuhi hiyo, akojoe kabla ya kuingia, avue kila kitu cha chuma. Ili tusichelewe, tulilala Myanga nyumbani kwao, kwa ndugu yake, na huko ndiko tulikokosea. Mke wa ndugu yake, Lenah, alichinja jogoo. Katika boma lile mwanamume akirudi nyumbani hawezi kuondoka bila kuku, na imondo, ile firigisi, ni yake. Kuiacha kwenye sahani mbele ya shemeji yake ni kama kumwambia mikono yake michafu. Nilimweleza Lenah jikoni, taratibu kabisa, kwamba kesho mzee hali. Lenah akaitikia kwa kichwa, akasema amesikia.

Asubuhi nikiwa naoga, alimletea imondo aliyokuwa ameificha kwenye sufuria, na ugali wa wimbi.

"Shemeji, kula kidogo tu," nilimsikia kupitia ukutani. "Si hiyo picha ni ya huko chini? Tumbo iko juu."

Hesbon akala. Ile dawa ya kusafisha tumbo akaona haya kuitumia kwenye choo cha boma la baba yake, mchana kweupe, watoto wa ndugu wakimwangalia, kwa hiyo akairudisha mfukoni. Kituoni, yule binti wa kupiga picha alipomuuliza kama amekula, alijibu bila aibu, "Imondo tu." Wakatuambia tumbo likijaa hewa na uchafu picha inakuwa na ukungu, daktari hataona kitu, na foleni ni ndefu. Turudi baada ya wiki tatu. Kutoka Bungoma mpaka Kitale sikumsemesha neno. Nilikuwa na hasira na Lenah, na imondo, na huyu mwanamume aliyeogopa kumuudhi shemeji kuliko kufa.

Mara ya pili nikasema tunatoka Kitale kwenyewe, na Myanga watatusamehe. Saa kumi na moja alfajiri nilimlaza kwa ubavu wa kushoto kama muuza dawa alivyonionyesha, goti limekunjwa, nikaminya kile kichupa chenye mdomo mrefu. Aliambiwa avumilie dakika kumi. Hakuvumilia hata tatu. Ploti yetu ina choo kimoja kwa nyumba sita, na nilisimama mlangoni pake kama askari wa benki. Jirani yetu Wamboi akaja na ndoo yake, akanikuta.

"Mama Ivy, kuna nini huku mapema hivi?"

"Kuna mtu ndani, na hatoki leo," nikamwambia. Akacheka, akarudi kwake.

Hesbon alipotoka alikaa kando ya kitanda, mikono juu ya magoti. Suruali imeanza kumpwaya. Sikuwa nimeona mpaka siku hiyo jinsi mabega yake yalivyoshuka.

"Mama Ivy," akasema, "mimi nimechoka na watu kuangalia nyuma yangu. Kila siku lala hivi, geuka hivi. Wakinirudisha tena leo, mimi sirudi. Wacha hiyo kitu itembee penye inataka."

Nilijua hasemi kwa hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Hesbon akikasirika anapoa baada ya chai. Akisema jambo kwa sauti ya chini namna hiyo, amelimaliza.

Kituoni tulifika saa nne. Binti yule yule ndiye aliyetupokea, anaitwa Viola, mrefu, mpole, mzaliwa wa Endebess kama tulivyokuja kujua, na Ivy alimfundisha mdogo wake. Alimtambua Hesbon mara moja.

"Mzee wa imondo. Leo umekula nini?"

"Leo hata mate sijameza."

Akacheka, akamketisha, akafungua faili. Nami nilikaa karibu kwa sababu nilitakiwa kutia sahihi.

"Nitakuuliza maswali, mzee, uniambie ukweli. Hii mashine ni sumaku kubwa, na iko inafanya kazi saa zote, hata tukienda kulala. Hata pini ya nywele haiingii huko. Uko na kidude cha kusaidia moyo?"

"Hapana."

"Umewahi pigwa risasi?"

"Ah, hapana bana. Nani anipige?"

"Kuna mfupa uliwekewa vyuma?"

"Hapana."

"Na kazi yako, hapa uliandika mkulima. Ni hivyo?"

"Ndio. Mkulima."

Hapo usidhani alidanganya. Ana ekari moja ya mahindi Myanga aliyoachiwa na baba yake, na kwa wanaume wa kwao hiyo ndiyo kazi. Kuchomelea ni kutafuta riziki tu. Anaweza kutafuta miaka thelathini na tano mjini, ukimuuliza yeye ni nani atakuambia ni mkulima, na watu wote wa Myanga watakubali. Mimi mwenyewe nilisikia "mkulima" na sikushtuka.

"Kuna chuma yoyote iko ndani ya jicho?" Viola akauliza.

"Hapana. Hakuna."

Alijibu upesi, halafu akanigeukia, kama mtu anayemwangalia shahidi wake. Nikaangalia karatasi, nikatia sahihi.

Wakampa gauni la hospitali, lile la kufungwa kwa kamba nyuma, na kamba moja ilikuwa imekatika. Pete ikakataa kutoka. Ile ya kanisani aliipoteza mwaka wa pili wa ndoa, akajichongea nyingine kutoka kwenye nati ya chuma kisichoshika kutu, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa kuliko ile ya kwanza. Ilikuwa haijavuliwa tangu hapo. Tuliipaka sabuni, tukazungusha uzi, mimi navuta huku yeye ameuma meno, mpaka ikatoka na kuacha alama nyeupe kidoleni. Wakamchoma sindano ya mkono, wakaacha mrija mdogo umebandikwa kwa plasta, maana kuna dawa ingepitia hapo. Halafu Viola akamwambia akojoe kwa mara ya mwisho kisha angoje kule ndani, mgonjwa aliyetangulia yu karibu kumaliza.

"Itachukua dakika arobaini," akaniambia. "Mama, wewe pumzika hapa."

Nikakaa kwenye benchi la korido na pete yake nimeifumbata. Mashine ilikuwa inagonga huko ndani, ngo ngo ngo, kama mtu anayenyoosha bati. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani hiyo ngo ngo iendelee tu nilale pale pale. Mlangoni palikuwa na picha ya sumaku, ile ya kuchorwa, yenye umbo la kwato, na mkasi ukiruka kuelekea kwake. Niliiangalia muda mrefu. Nikakumbuka sumaku yetu ya spika, jinsi Ivy alipokuwa mdogo alivyopenda kuipitisha chini ya karatasi yenye vumbi la chuma, na vumbi linasimama, linamfuata kila aendako.

Na nilikumbuka jioni moja, miaka tisa iliyopita. Huu ndio ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimerudi kutoka Sirisia kumzika mama yangu. Siku tatu sikuwa nimelala, miguu imevimba, sauti imekauka kwa kilio na kwa kuwaita watu waje kula. Hesbon alirudi kutoka Sirisia siku moja kabla yangu, kwa sababu ya geti la mtu lililokuwa na tarehe. Nikamkuta ameketi kwenye kochi, jicho la kushoto limefumba, linatoa maji. Akasema grainda imemrushia. Nikaweka kikapu chini, nikachukua leso, nikatafuta. Sikuona kitu. Nikapitisha sumaku, mara moja, mara mbili. Sumaku ikarudi tupu. Nilijua chembe bado imo, kwa sababu alikuwa anaruka kila nikimgusa. Lakini nilitaka jambo moja tu duniani, kulala.

Nikamwambia, "Imetoka."

Akapepesa mara mbili. "Asante, mama," akasema.

Sasa pale kwenye benchi nilijitetea, kwa nini nikatae. Miaka tisa ni mingi, huenda ilitoka yenyewe na machozi. Tena nikifungua mdomo watamrudisha, na mwenyewe alishasema harudi. Picha hii ndiyo ingetuambia kama atakatwa apone au ndio basi. Jicho na uhai, kipi? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na yalikuwa maneno mazuri. Lakini nilijijua. Sikuwa napima jicho na uhai. Nilikuwa nimechoka tu, kama siku ile, na nilitaka tena kusema imetoka.

Mashine ikanyamaza. Mgonjwa aliyetangulia akatolewa. Nikasikia Viola akisema, "Mzee, njoo sasa."

Nikainuka, nikaupiga ule mlango kwa pete.

Viola akafungua kidogo. Nyuma yake nilimwona Hesbon amesimama kwenye kile chumba cha kungojea, miguu mitupu, mkono mmoja umeshika gauni nyuma pale kamba ilipokatika. Mlango wa pili, wa kwenye mashine, ulikuwa bado haujafunguliwa.

"Usimwingize," nikasema. "Ana chuma kwa jicho. La kushoto."

"Mama Ivy." Hesbon alilitamka jina langu polepole. "Wewe."

"Mzee, ni ukweli?" Viola akauliza.

"Hakuna chuma. Ziliingia zikatoka."

"Ziliingia ngapi?"

Hesbon akafikiri. Alikuwa anahesabu kweli, maskini. "Sasa hiyo nitajuaje? Nimeshika grainda miaka thelathini na tano."

"Si uliniambia wewe ni mkulima?"

"Mimi ni mkulima."

"Na mbona hukuniambia umewahi kuumia jicho?"

"Sijaumia," akasema. "Hiyo si kuumia. Hiyo ni kazi."

Viola akaufunga mlango wa mashine kwa ufunguo, akashusha pumzi. Hakutufokea. Afadhali angetufokea. Akasema lazima macho yapigwe picha ya kawaida kwanza, eksirei, na kama ni safi atarudi ndani leo leo. Hesbon alinipita pale koridoni bila kuniangalia.

Walimpiga mbili. Moja akiangalia juu, nyingine akiangalia chini, kichwa kisisogee. Baada ya nusu saa tukaitwa kwa daktari wa picha, Daktari Kimutai, kijana mwenye mvi za mapema. Alikuwa na picha zote mbili kwenye kompyuta. Fuvu la mume wangu. Katika tundu la jicho la kushoto palikuwa na nukta nyeupe, ndogo kama punje ya wimbi.

"Hapa mzee anaangalia juu," akasema. "Hapa anaangalia chini. Muone hiyo nukta. Imeshuka pamoja na jicho. Hiyo maana yake iko ndani ya jicho lenyewe, si kwa kope."

"Na angeingia kwenye sumaku?" nikauliza.

"Ingeweza kusonga humo ndani, ikate. Jicho lingeweza kwenda." Akamgeukia Hesbon. "Hili jicho unaona nalo vizuri, mzee?"

"Usiku linanisumbua. Nikasema ni uzee."

Kwa hiyo MRI ikafa. Sio leo tu, mpaka hiyo chembe itolewe na daktari wa macho, na hata hapo ni mambo ya kuangaliwa. Nilimtazama Hesbon. Uso wake ulikuwa umetulia kama alfajiri ile kitandani, na nikajua anachotaka kusema, anataka suruali yake. Nikamwahi.

"Daktari, hakuna mashine ingine? Ile haina sumaku? Huyu mtu hajakula, tumbo ni safi, sindano iko kwa mkono. Asubuhi nimefanya mambo siwezi rudia."

Daktari Kimutai akanitazama, nadhani alitaka kucheka. Akainua simu, akampigia daktari wetu wa Kitale, wakazungumza kwa Kiingereza cha haraka. Alipomaliza alisema ipo CT, chumba cha pili, haina sumaku. Haionyeshi tezi yenyewe vizuri kama ile nyingine, lakini itaonyesha kama ugonjwa umeingia kwenye mitoki, zile tezi ndogo za nyonga na tumbo. Mifupa itabaki, hiyo ni picha nyingine ya Eldoret. Kwa zote mbili daktari wetu anaweza kuamua.

"Ni dakika kumi tu, mzee," akasema. "Utaingia?"

Hesbon akaangalia ile alama nyeupe kidoleni, akasema, "Kama nimeshavuliwa, twende tu."

Safari hii waliniruhusu kusimama nyuma ya kioo na Viola. Mashine yenyewe ilikuwa kama tairi kubwa la trekta lililosimamishwa, na kitanda kinapita katikati. Walimlaza chali, mikono juu ya kichwa. Viola akamwambia kwa kipaza sauti dawa inaingia sasa, atasikia joto, asiogope, avute pumzi aishike. Kitanda kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Nilihesabu naye pumzi zake, na nilikuwa nashika zangu bila kujua.

Walipomtoa, alinikamata mkono, akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Mama Ivy, nimejikojolea."

Nikamtazama chini. Gauni lilikuwa kavu. Viola alikuwa amesikia, akasema ni ile dawa tu, inaleta joto huko chini, kila mtu anafikiri hivyo. Hesbon akajipapasa kuhakikisha. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka, lakini hakuuachia mkono wangu.

Ilikuwa karibu saa tisa Daktari Kimutai aliporudi. Akasema ripoti kamili itatumwa Kitale baada ya siku mbili, lakini kwa alivyoona yeye, mitoki ya nyonga ni ya kawaida, na hakuna kitu kimetembea tumboni. Mifupa sasa ndiyo ya kungoja. Akatuandikia barua mbili, moja ya Eldoret yenye tarehe ya kwenda, moja ya daktari wa macho. Sikufurahi namna watu wanavyofurahi. Niliomba tu maji.

Nje ya kituo kuna ukuta mfupi chini ya kivuli cha jengo, mwanamke anauza ndizi mbivu hapo. Nilimnunulia Hesbon ndizi, tukakaa ukutani. Nikamrudishia pete. Iliingia kwa urahisi kuliko ilivyotoka. Alimenya ndizi polepole, huku amefumba lile jicho la kushoto, halafu akalifumbua, kama anayelijaribu.

Nilijua nisiposema hapo sitasema tena.

"Hiyo ni ya siku niliyotoka kumzika mama," nikasema. "Ulikuwa kwa kochi. Nilikuambia imetoka. Sikuiona ikitoka. Sumaku ilirudi tupu, nikakudanganya."

Alitafuna. Watu wakapita mbele yetu na bahasha zao kubwa za picha.

"Ilinichoma wiki mzima," akasema. "Halafu ikanyamaza. Nikasema basi, imetoka yenyewe."

"Wiki mzima? Na mbona siku ile hukuniambia bado iko?"

Akaniangalia, kwa macho yote mawili.

"Ulikuwa umechoka," akasema.

Nililia pale ukutani, mbele ya muuza ndizi na watu wote wa Bungoma, na sikujali. Hesbon aliningoja nimalize. Halafu akauliza Eldoret ni tarehe ngapi, nikamwambia kumi na nne, akasema sawa. Akaikata ndizi katikati, akanipa nusu. Nikaila, kwa sababu hata mimi sikuwa nimekula tangu jana.